Mpika Mbege wa Kundi O

Jumamosi, 28 Septemba

Ndizi zimeiva darini. Nimeziteremsha asubuhi, tukamenya mimi na Happy, kitinda mimba wangu, mikono bado inanata. Pipa liko motoni. Kuni ni za mibuni ya zamani tuliyong'oa, hazijakauka sawasawa, zinafuka kuliko kuwaka. Happy anakoroga kidogo, anatoka nje kukohoa, anarudi. Mimi sitoki. Jiko hili nililikuta na masizi yake nilipoolewa. Mama mkwe alipikia mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, humu humu.

Kifua kimebana tena. Kimeanzia katikati, kikapanda begani. Nilikaa kwenye kigoda mpaka kikaachia. Sikumwambia mtu. Jumatatu ni kliniki ya presha, nitamwambia daktari. Ndizi zikishaiva hazimsubiri mgonjwa apone, zinataka moto.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimeshinda mjini Moshi tangu asubuhi. Foleni mpaka nje. Daktari ni binti mdogo, umri wa mwanangu wa pili, maneno makavu lakini anasikiliza. Nikamweleza habari za kifua. Wakanilaza, wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikachora michoro. Moyo haujaharibika. Umeanza kulalamika tu.

Akauliza napikia nini. Kuni. Jiko lina madirisha? Moja, dogo, nimeliziba na gunia kwa sababu ya baridi ya Mwika. Akaweka kalamu chini akanitazama.

Akasema moshi hauishii mapafuni. Unaingia mpaka kwenye damu, unaisumbua mishipa, na kwa mtu mwenye presha kama mimi, siku ya moshi mwingi ndiyo siku mbaya. Halafu akaona kwenye kadi yangu kwamba mimi ni kundi A. Akasema wataalamu wameona kwamba hewa ikichafuka sana, watu wa A, B na AB huelekea kupata shambulio la moyo kuliko watu wa O. "Damu hatuwezi kukubadilishia, mama yangu. Moshi tunaweza." Akanitajia dalili, akataka nizirudie mwenyewe kama mtoto wa chekechea. Kifua kubana. Maumivu kwenda mkononi au kwenye taya. Jasho la baridi. Kichefuchefu. Ukiona hayo, usingoje kesho.

Nimerudi na hasira. Hasira na damu yangu mwenyewe. Nani alinipa A?

Jumanne, 1 Oktoba

Nimemwambia Baba Happy. Nilitegemea ahuzunike. Mume wangu akapiga makofi. Yeye ni O! Kila wanapokuja kuchangisha damu usharikani yeye ni wa kwanza kukunja shati, na kundi lake analitaja kama cheo. Akasimama katikati ya nyumba akatangaza: "Kuanzia leo usikanyage jikoni. Mbege nitapika mimi."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mwanaume wa Kichagga na pipa la mbege! Kukata mikungu, sawa. Kunywa, hapo ndipo nyumbani kwao. Lakini kukoroga? Nikaona hacheki. Anamaanisha.

Nikaenda zizini nikajifanya nampa ng'ombe majani. Nililia kidogo. Kilio kizuri.

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo kapika. Kajifunga kanga yangu kiunoni. Mimi nimewekwa nje chini ya mgomba, napiga kelele kama kocha wa mpira: koroga chini! Punguza kuni! Usiache mwiko! Wanawake wa jirani wote leo wameishiwa chumvi. Mmoja mmoja wanakuja kuazima, macho yako jikoni.

Shemeji Aminieli naye akaja, kaka mkubwa wa Baba Happy, mkuu wa ukoo wetu hapa. Alisimama mlangoni akiitazama ile kanga kiunoni. Kisha akasema kwa sauti ili na waazima chumvi wasikie: "Mdogo wangu kalishwa limbwata." Wakaangua kicheko. Baba Happy hakugeuka hata. Akaendelea kukoroga.

Nimempenda leo kuliko siku ya harusi yetu. Ila mbege imeshika chini. Harufu naisikia mpaka huku.

Jumatano, 9 Oktoba

Imeungua kweli. Tuliichuja, tukatia mso, ule uji wa kimea cha ulezi, nikaongeza gome la msesewe ili uchungu ufiche uchungu. Wapi. Wateja wamekunywa wakikunja nyuso. Jina langu linaharibika hivi hivi nikiona. Miaka yote hii watu wanasema mbege ya Mama Happy, leo wanasema masizi ya Baba Happy.

Yeye anasema mwanafunzi hafaulu mtihani wa kwanza. Jumamosi anarudia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ya leo ni nzuri. Nakiri. Kapata mkono.

Kifua changu kimetulia. Nilipaswa nifurahi tu. Lakini anakohoa. Huko chini tambarare wanachoma mabua ya mahindi kusubiri vuli, moshi unapanda mpaka huku, wiki nzima mlima hatujauona. Kisha huo wa jikoni juu yake. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akaegemea mwimo wa mlango kwanza, ndipo akashuka ngazi. Nikamuuliza amechoka? "Mimi ni O." Umekula? "Mimi ni O." Kila swali jibu hilo moja.

Na Aminieli naye siku hizi anasema ni O. Hajawahi kupimwa hata malaria.

Jumatatu, 14 Oktoba

Vita. Nimesema nataka paa la jiko litobolewe, tujenge dohani, moshi utoke juu, na dirisha lifunguliwe liwe kubwa. Nilitegemea Baba Happy akatae. Aminieli ndiye aliyeruka. Ndizi zitaivia wapi? Zinaiva darini kwa sababu ya moshi na joto la moto chini yake. Ukiutoa moshi umeitoa mbege. Ndizi isiyopata moshi ni juisi ya watoto. Mwisho akasema: "Mama yetu hakuwa na dohani."

Nikamjibu kwamba mama yenu alianguka kando ya pipa ameshika kifua. Wote tulikuwepo siku ile.

Hakuna aliyejua mama alikuwa kundi gani. Hakuna aliyemuuliza mtu. Aminieli akachukua fimbo yake akaondoka bila kuaga. Sijutii neno hata moja.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kliniki. Presha imeshuka, daktari kafurahi, akauliza nimefanyaje. Nikamweleza kwamba siku hizi anapika mume wangu, kwa kuwa yeye ni O, hana shida. Binti akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Akasema O siyo kinga. Ukichukua watu wengi sana, wale wa O wanaonekana kuwa na nafuu kidogo. Kidogo. Haina maana kwamba mzee mmoja wa O anaweza kukaa kutwa juu ya pipa linalofuka. Umri wake? Presha anapima? Hajawahi. Anakohoa? Ndiyo. Akanyanyua uso: "Mama, mlete. Mlete haraka."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasukuma gari kwa roho. Nikamwambia kila kitu. Anasema Jumatatu atakwenda. Kesho kwanza amalize pipa, ndizi zimeiva. Nikasema zioze! Akasema katika kihamba hiki, shamba la baba zetu, ndizi hazijawahi kuoza. Mkaidi. Kichwa kama cha kaka yake. Nina hofu na nina hasira, sijui ipi imetangulia.

Jumapili, 20 Oktoba

Naandikia hospitalini, mjini. Kwenye benchi. Nimechoka. Hofu imekwisha.

Ya jana. Ukungu, baridi. Happy kaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikamkuta baba yake amekaa chini kando ya pipa, mgongo ukutani. Jiko limejaa moshi, huoni. Tukamburuta mpaka nje. Mkono kifuani. Shati limelowa jasho, na asubuhi ile ilikuwa ya kuvaa sweta. Akasema ni gesi. Nimletee magadi kwenye maji ya uvuguvugu, atacheua, atapona.

Aminieli akafika mbio, maana Happy alipiga kelele. Akaleta kata ya mbege, eti imsaidie kucheua. Nami namtazama mume wangu, naona anashika taya. Anaikanda kama mwenye jino bovu. Meno ya upande ule aliyang'oa zamani.

Hapo nikajua.

Nikaichukua ile kata mkononi mwa mkuu wa ukoo nikaimwaga chini. Mbele ya watu. Nikasema huu ni moyo, tunaondoka sasa hivi. Baba Happy anasema pipa litaungua. Pipa! Nikachota ndoo ya maji nikamwagia moto wote, majivu yakaruka mpaka darini. Pipa halikuungua, lilikufa. Happy akamkimbilia Mwalimu Ndesario, jirani mwenye pikapu. Aminieli akasema tuombe kwanza. Nikamwambia tutaomba garini. Na kusema haki, akapanda nyuma pamoja nasi, akakipakata kichwa cha mdogo wake mpaka mjini, akiomba kwa Kichagga bila kupumzika.

Mlangoni sikungoja kuulizwa. Nikapaza sauti: "Ni moyo, siyo gesi!" Wakamchukua mbio. Nyaya, mashine, kidonge cha kutafuna, sindano. Sijui muda gani ulipita. Kisha daktari wa zamu akatoka akiwa anavua glovu. Akasema damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa moyo, dawa imeiyeyusha, mshipa umefunguka. "Mmemuwahi, mama. Mngekaa kusubiri gesi itoke, tungekuwa tunaongea mengine."

Nilikwenda chooni nikalia kwa sauti. Nikanawa uso. Nimeshinda. Naandika tena ili nilione neno lenyewe: nimeshinda. Kifo kilikuja jikoni kwangu mara ya pili, na safari hii kimeondoka mikono mitupu.

Jumanne, 22 Oktoba

Anakunywa uji. Kauliza habari za pipa, kwa hiyo akili ipo.

Daktari wangu wa kliniki kaja kumwona wodini. "Ndiye huyu mzee wa kundi O?" Wodi nzima ikacheka, hata aliyefungwa mguu juu. Baba Happy akavuta blanketi mpaka kidevuni. Baadaye akaninong'oneza: nimuulize kama hawakukosea kumpima zamani, pengine yeye ni B. Akapimwa tena. O. Binti akamwambia: "O safi kabisa, baba. Na moyo umeshtuka vilevile."

Jumamosi, 2 Novemba

Nyumbani! Kashuka kwenye gari kwa miguu yake. Majirani walijaa, wakaimba tenzi, mtori wa ndizi na nyama ulitoka sufuria mbili. Dawa zake zinajaza mfuko. Akakaa kwenye kiti akatazama jiko kwa mbali. Nikamwambia Jumatano fundi anakuja. Akasema sawa. Sawa tu, basi. Nikakosa la kugombana nalo.

Jioni Aminieli kaja peke yake. Mkononi jani la isale. Kwetu, ukiletewa isale, umeombwa msamaha na huwezi kukataa. Kwa ajili ya limbwata na kwa ajili ya ile kata aliyotaka kumnywesha mgonjwa. Mkuu wa ukoo, ameinama, mbele ya shemeji yake. Nikalipokea kwa mikono miwili. "Yameisha, Meku," nikamwita kwa heshima ya wazee wetu. Lakini nikamwambia wazi kwamba dohani inajengwa.

Akasema hakuja kwa ajili ya dohani. Jenga. Ila hiyo itakayotoka humo haitakuwa mbege. Nikamwambia tutaonana kwenye kipaimara cha Happy.

Jumatano, 6 Novemba

Paa limetobolewa. Masizi yaliyoanguka yalijaza karai na karai, ya mama mkwe na ya kwangu yamechanganyika. Fundi kajenga dohani ya matofali, meko yamezungushiwa udongo, dirisha sasa ni dirisha. Tukawasha. Moshi ukasitasita, ukazunguka, halafu ukashika njia ukapanda. Sote tukatoka nje kuutazama ukitokea juu. Happy akapiga vigelegele.

Nikarudi ndani, moto unawaka, nami naona ukuta wa mbali. Kuna msumari pale. Sikuwahi kujua.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimechimba shimo nyuma ya zizi. Nimetandika majani makavu ya mgomba, nikapanga mikungu, nikafunika majani tena, kisha udongo. Nimevundika. Bibi yangu mzaa mama alivundika hivi, hakuwahi kuweka ndizi darini.

Vuli imeanza, ardhi ni baridi. Naogopa. Ukoo wote unapanda kutoka Dar na Arusha kwa kipaimara. Mbege ikiharibika watanicheka mimi, hilo navumilia. Lakini kila mwanamke wa upande huu atasema dohani inaua mbege, na hakuna atakayethubutu kutoboa paa. Wataendelea kuanguka kando ya mapipa, A, B na O.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimefukua. Nilifumba macho kwanza. Harufu ikanifikia kabla sijafumbua. Njano zote! Laini, tamu, hakuna hata moja iliyooza. Nimepika leo mwenyewe, kuni kavu, dirisha wazi, tunapokezana mimi na wanawake wawili wa jirani. Safari hii hawakuja kwa chumvi. Baba Happy yuko nje kwenye kiti, anapepeta ulezi na kutoa amri. Nimemwambia anyamaze, alifeli mtihani wa kwanza.

Sikukohoa. Macho hayakuniwasha. Kifua kimya.

Jumapili, 8 Desemba

Sijui nianzie wapi. Happy kapendeza, gauni jeupe, kajibu maswali ya mchungaji bila kukwama. Hema limejaa. Watoto wa mjini na simu zao wanapiga picha dohani yangu.

Ikafika mbege. Kwa desturi mwenye mbege hunywa kwanza, watu waone ni salama, kisha mkuu wa ukoo. Nikanywa. Nikajaza kata, nikapiga goti, nikampa Aminieli. Watu wakanyoosha shingo, maana habari ilikwishazagaa. Akanusa. Akanywa kidogo, akafumba macho. Akanywa tena. Akainamisha kata mpaka ikakauka, akafuta mdomo na kiganja.

Akanyoosha mkono, kata tupu mbele yangu, nimuongeze.

Hema lililipuka! Vigelegele, makofi, wazee wanagonga fimbo chini. Baba Happy alisimama akacheza, nikamkimbilia nimkalishe, akanishika mkono tukacheza wote wawili, taratibu, kwa ruhusa ya daktari. Nimetunzwa kanga mabegani mpaka shingo haionekani. Wanawake saba, wanane, sikuhesabu vizuri, wameniomba namba ya fundi. Wa mwisho kuniomba ni mke wa Aminieli. Kasema katumwa.

Kata ya tatu ndipo Aminieli akafungua mdomo. "Mama Happy. Hii ni mbege." Kisha akatangaza kwamba wanaume wote wa ukoo, wiki hii, kabla hawajarudi mjini, wanashuka kupimwa presha. Na yeye atatangulia. Mjukuu wake mmoja akauliza: "Babu, si ulisema wewe ni O?" Akamwambia anyamaze anywe soda.

Jumanne, 10 Desemba

Wageni wamepungua. Hema limeshushwa. Nimeosha mapipa.

Baba Happy kasema anakwenda shamba la juu kukata majani ya ng'ombe. Daktari alimruhusu kutembea, lakini mlima ule siyo mchezo. Nikamwacha atangulie kidogo, kisha nikamfuata kwa nyuma nikijifanya natafuta kuni. Nilikuwa nasikiliza pumzi yake. Hakukohoa. Hakusimama.

Kulikuwa kumekucha vizuri, mvua imesafisha hewa, mlima wote wazi mpaka theluji.

Mimi ndiye niliyesimama. Miguu tu ilichoka, kifua hakikubana. Nilipoinua uso alikuwa amefika juu, ameketi kwenye jiwe, mundu magotini. Alijua tangu mwanzo kwamba nipo nyuma yake.

"Polepole," akaniambia. "Sina haraka."

Akasogea kando ili nipate pa kukaa.